MOYO UWE PALIPO MWILI

Hakuna asiyeijua hali hii. Mtu huketi na sahani ya wali mbele yake, akala mpaka akamaliza, na akiulizwa mchuzi ulikuwaje hana la kujibu. Muda wote ule moyo wake ulikuwa bandarini ukisubiri mzigo, au shambani ukihesabu pishi za karafuu, au mahakamani ukijibu kesi ambayo bado haijafunguliwa. Mwili ulikuwapo mezani, mwenyewe hakuwapo.

Tungeweza kulipuuza jambo hili tukasema kuwa ndiyo ada ya binadamu, lau kama madhara yake yangeishia kwenye wali. Lakini hayaishii hapo. Mwananchi aliyevuka maji kutoka Kojani au Tumbatu kufuata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, akasimama mbele ya mtumishi ambaye macho yake yamo ndani ya simu na masikio yake hayapo kabisa, hakuhudumiwa, hata kama karatasi yake imepigwa muhuri. Mtoto anayemsimulia baba yake habari za skuli, na baba akawa anaitikia "ehe, ehe" ilhali mawazo yake yako kwenye deni la dukani, hakusikilizwa. Na dereva aliyeshika usukani huku moyo wake ukiendelea kugombana na mtu waliyeachana naye asubuhi, amebeba roho za abiria kwa mikono mitupu.

Si sisi peke yetu tulio katika hali hii. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha katika jarida la Science utafiti uliowahusu watu wazima 2,250. Watu hao waliulizwa kwa njia ya simu zao za mkononi, kwa nyakati wasizozitarajia, wanafanya nini, wanafikiri nini, na wanajisikiaje. Ilidhihirika kwamba kwa takriban asilimia 47 ya nyakati walizoulizwa mawazo yao hayakuwa kwenye shughuli waliyokuwa nayo. Ikadhihirika vilevile kwamba mawazo yalipotangatanga, furaha yao kwa jumla ilikuwa ndogo kuliko walipokuwa wamelizingatia lililo mbele yao. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya umri wa mtu hupita yeye akiwa hayupo, na kutokuwapo huko hakumpi raha.

Kwa sababu hiyo tumeonelea leo tuzungumzie mazoezi ambayo hapa tutayaita uzingativu. Mazoezi haya yanafundishwa sasa katika hospitali na vyuo vya nchi nyingi, na hayahitaji fedha, chombo wala chumba maalumu. Tunayazungumzia kwa sababu tunaamini kwamba kuwapo pale ulipo si kipaji cha kuzaliwa nacho bali ni kazi inayofunzwa. Na kwamba mtu aliyepewa dhamana ya kuhudumia watu anadaiwa kazi hiyo kama anavyodaiwa kufika kazini kwa wakati.

Uzingativu ni nini hasa? Ni kuelekeza fahamu, kwa kukusudia, kwenye jambo linalotokea sasa hivi, na kulipokea kama lilivyo kabla ya kulitolea hukumu. Tuyapime maneno hayo moja moja. Kukusudia maana yake ni kwamba mtu ameamua. Hakushikwa na jambo kama anavyoshikwa na sinema. Sasa hivi maana yake ni pumzi inayoingia, sauti inayosikika, mkono ulioshika kalamu, wala si ya jana wala ya kesho. Na kutohukumu kwahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa ndipo wengi wanapokosea.

Mtu anaumwa na goti. La kwanza analolijua ni kwamba goti linauma. Papo hapo moyo unaongeza: nimekwisha zeeka, kazi itanishinda, wanangu watakula nini, na yule jirani atanicheka. Maumivu ni mamoja, lakini hadithi ni kumi, na aghalabu hadithi ndiyo inayomkosesha mtu usingizi kuliko goti. Mwenye uzingativu halikatai goti wala hajidanganyi kuwa haliumi. Anasema: hapa pana maumivu, na hapa pana hadithi, na hivi ni vitu viwili. Kulitambua hilo tu humpunguzia mzigo.

Mazoezi haya yana asili ya kale. Katika Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Mabudha wa Sri Lanka, Burma na Thailand, neno lake ni sati, na maana yake ya asili ni kukumbuka. Si kukumbuka yaliyopita. Ni mtu kujikumbuka alipo na analolifanya. Katika zama zetu mtawa wa Vietnam aitwaye Thich Nhat Hanh, aliyefariki dunia mwaka 2022, aliyaeleza mazoezi haya kwa lugha nyepesi katika barua ndefu aliyomwandikia mwenzake mmoja katika skuli iliyowaandaa vijana kuhudumia jamii wakati wa vita nchini mwao. Barua ile ilikuja kuwa kitabu kilichosomwa duniani kote. Inafaa wasomaji wazingatie kwamba haikuandikwa kwa ajili ya watu wenye nafasi na starehe. Iliandikwa kwa ajili ya watumishi waliochoka, waliokuwa wakihudumia wanavijiji chini ya mabomu.

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, msomi wa baiolojia wa Marekani, aliyaingiza mazoezi haya hospitalini, katika chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Worcester. Alianza na wagonjwa ambao madaktari walikuwa wamewafanyia yote waliyoyaweza na bado maumivu hayakuondoka. Aliwapangia mafunzo ya wiki kadhaa, akayavua vazi la dini, akabakisha zoezi lenyewe. Baadaye wataalamu watatu, Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale, waliyatengeneza mafunzo hayo upya kwa ajili ya watu wanaorudiwa mara kwa mara na ugonjwa wa sonona, ule unaomvunja mtu moyo hata akashindwa kuinuka kitandani. Mwaka 2004 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu iliyapendekeza kwa wagonjwa wa namna hiyo. Mwezi wa Oktoba mwaka 2015 kundi la wabunge wa vyama mbalimbali vya nchi hiyo lilitoa ripoti iliyoyazungumzia katika afya, elimu, mahali pa kazi na magereza.

Yasije yakadhaniwa, hata hivyo, kuwa ni mambo mageni kabisa visiwani kwetu. Mvuvi wa mshipi haoni kwa jicho kinachotokea chini ya pima kumi za maji. Uzi umepita juu ya kidole chake, na ndani ya kidole kile amejikusanya mzima. Haukazi mkono, kwani mkono uliokazwa hausikii. Wala haulegezi ukasahau kazi yake. Samaki akidonoa, anajua. Mchumaji wa karafuu aliye juu ya mti naye anajua kwamba tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika, na mguu wake haukanyagi mahali ambapo fahamu yake haijatangulia. Bibi anayesuka ukili ananyamaza anapoongeza chane, kisha huendelea na mazungumzo yake. Watu hawa wote wanaujua uzingativu ijapokuwa hawakupata kulisikia neno lenyewe. Linalotakikana ni kuutoa kwenye mshipi na mkarafuu, tukautia kwenye maisha mengine yaliyobakia.

Kadhalika, Waislamu, ambao ndio walio wengi hapa visiwani, wamefundishwa tangu chuoni kwamba sala yataka khushuu, yaani moyo uhudhurie wakati ulimi unasoma. Hatusemi kwamba mambo haya mawili ni mamoja. Sala ni ibada, na ina mwenye kuabudiwa. Uzingativu unaofundishwa hospitalini ni zoezi la fahamu, kama vile kunyoosha viungo kulivyo zoezi la mwili. Hauna wa kuabudiwa, hauna nyiradi za kutamkwa, na haumtaki mtu kuiacha imani yake. Mwenye shaka na amwulize mwanachuoni anayemwamini. Sisi tunasema tu kwamba watu waliolelewa katika kuambiwa "hudhurisha moyo wako" hawataliona jambo hili kuwa la ajabu.

Sasa tuingie katika namna ya kufanya, maana maneno matupu hayamfundishi mtu kuogelea.

Chagua wakati ambao hutasumbuliwa, kwa mfano alfajiri kabla nyumba haijaamka, au jioni jua likishapungua ukali. Kaa kitini au juu ya mkeka, mgongo umenyooka bila kukakamaa, mikono imetulia mapajani. Macho yafumbe, au yaache yatazame chini hatua mbili mbele yako. Simu iwe chumba kingine. Kwa siku za mwanzo dakika 5 zinatosha.

Ukishatulia, itafute pumzi yako. Usiivute kwa nguvu wala usiirefushe. Iache iende kama ilivyokuwa ikienda ulipokuwa huiangalii. Tafuta mahali unapoihisi waziwazi: puani inapoingia na ubaridi wake na kutoka na uvuguvugu, au tumboni panapopanda na kushuka. Pafanye mahali hapo kuwa nanga. Chombo kilichotia nanga hakikatazwi kuyumba, kwa sababu upepo na mkondo vipo. Kinachokatazwa ni kwenda na maji.

Haitachukua muda moyo utaondoka. Utajikuta uko sokoni, au unatunga jibu kali ulilotamani kumjibu mtu juzi. Hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa wakasema, "Mimi hili siliwezi, mawazo yangu ni mengi." Wamekosea. Kule kugundua kwamba moyo umeondoka ndiko uzingativu wenyewe. Basi tambua ulipokwenda, kisha urudishe kwenye pumzi pasipo kujikaripia, kama vile mama amrudishavyo mtoto anayetambaa kuelekea mlangoni: hampigi, wala hamwachi akatoka. Ukiurudisha mara hamsini katika dakika tano, umefanya zoezi mara hamsini. Kama mtu anyanyuaye kitu kizito kwa kuutia mkono nguvu, ni kule kunyanyua mara kwa mara ndiko kunakojenga.

Zoezi la pili ni la mwili. Jilaze chali, kisha upitishe fahamu kutoka vidole vya miguu mpaka utosini, kiungo baada ya kiungo, ukiuliza kila mahali pana nini: joto, ganzi, mkazo, au hapana kitu. Usitengeneze chochote, tazama tu. Wengi hushangaa kugundua kwamba wamekaza taya au wameinua mabega tangu asubuhi.

Zoezi la tatu ni la kula. Katika mafunzo ya Kabat-Zinn hutumika zabibu kavu moja; sisi tunaweza kutumia tende. Ishike, itazame mikunjo yake na rangi yake penye mwanga, inuse, kisha itie mdomoni na usiitafune mara moja. Sikiliza mate yanavyojaa. Tafuna polepole mpaka utamu utoke na uishe. Tende moja iliyoliwa hivi humfundisha mtu ni tende ngapi amezila bila kuzila.

Zoezi la nne ni la kutembea, na hili hulifaa zaidi wale wasioweza kutulia chini. Tembea hatua kumi kwenda na kumi kurudi, ukihisi kisigino kinavyogusa ardhi, uzito unavyohama, na kidole gumba kinavyoaga. Mwenye kukaa karibu na pwani aende mchangani wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka mbali.

Baada ya wiki moja au mbili ongeza muda ufike dakika 10, kisha 20. Haba na haba hujaza kibaba. Dakika tano za kila siku zina faida kuliko saa moja ya siku ile unapokumbuka. Wala usijipime kila jioni ukiuliza umetulia kiasi gani. Mkulima haufukui muhogo kila siku kuangalia kama umeota.

Hayo ni ya nyumbani. Lakini faida ya zoezi hili huonekana kazini, na hapa tunapenda kusema na waheshimiwa watendaji wetu.

Mtumishi wa dirishani aliyejifunza haya anaweza, kabla ya kumwita mtu anayefuata, kuvuta pumzi tatu kwa fahamu. Muda huo hauzidi nusu dakika, na foleni haitarefuka kwa sababu yake. Lakini ugomvi wa mtu aliyetangulia hautamwangukia mzee wa watu anayefuata. Ofisa aliyeletewa malalamiko anaweza kuihisi hasira inavyopanda kifuani, akaijua kuwa ni hasira, akaiacha ipite kabla hajatia kalamu kwenye karatasi. Hasira hasara, na barua iliyoandikwa kwa hasira hukaa kwenye faili miaka mingi baada ya hasira yenyewe kwisha. Mwenyekiti wa mkutano anaweza kuufungua kwa dakika moja ya kunyamaza, simu zikiwa zimefungwa, ili waliohudhuria wahudhurie kweli. Mshika mawili, moja humponyoka, na aghalabu linaloponyoka ni la mwananchi.

Pamoja na hayo yote, tungekuwa tumewakosea wasomaji kama tungeuza uzingativu kama dawa ya kila maradhi. Mwaka 2014 jarida la tiba la Marekani liitwalo JAMA Internal Medicine lilichapisha mapitio ya tafiti 47 zilizowahusu watu 3,515. Yalionyesha kwamba mafunzo haya huleta nafuu ndogo au ya wastani katika wasiwasi, huzuni na maumivu. Hayakuonyesha kwamba yanashinda tiba nyingine, kama vile dawa au mazoezi ya viungo. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya uchunguzi uliofanywa nchini Uingereza katika skuli 85, kwa wanafunzi zaidi ya 8,000. Kuwafundisha uzingativu darasani hakukuwaletea faida ya ziada juu ya malezi ya kawaida ya skuli zao, na wengi wao hawakuwa wakifanya mazoezi nyumbani. Jambo lililoletwa kama somo jingine la ratiba halikuingia moyoni.

Yatokanayo na hayo ni mambo matatu. La kwanza, isiwe amri. Asitokee mkuu wa idara akapiga mbiu kwamba kuanzia Jumatatu watumishi wote watatulia saa mbili na nusu asubuhi. Anayetaka watu wake wazingatie na aanze yeye, na wamwone.

La pili, mgonjwa apelekwe kwa tabibu. Mtu asiyelala kwa wiki nzima, anayesikia sauti zisizokuwapo, au anayefikiria kujidhuru, haambiwi aende akaangalie pumzi. Hospitali ya Kidongo Chekundu mjini Unguja ipo kwa ajili ya maradhi ya akili, na kuuingia mlango wake si aibu kama isivyo aibu kwenda kufungwa mkono uliovunjika. Aidha, wapo watu waliopitia mambo mazito ambao kukaa kimya na kufumba macho huwazidishia hofu. Hao wasijilazimishe; wafumbue macho, watembee, na watafute mtu mwenye ujuzi wa kuwaongoza.

La tatu, na hili ndilo tunalolisisitiza kuliko yote, uzingativu usigeuzwe kuwa pazia la kuficha dhulma. Muuguzi mmoja akipewa kazi ya wauguzi watatu, dawa yake ni kuongezewa wenzake wawili. Mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa anataka mshahara. Kumwambia mtu kama huyo atulie na kuipokea hali kama ilivyo ni kuligeuza neno hili juu chini. Kuipokea hali kama ilivyo, kwa maana yake sahihi, ni kuiona pasipo kujidanganya. Na mwenye kuiona vizuri ndiye anayejua pa kuanzia kuirekebisha. Mtendaji aliyejizoeza kuwapo atakuwa wa kwanza kuuona uchovu wa muuguzi wake, kwa kuwa atakapoingia wodini ataingia mzima.

Kwa hivyo tunawanasihi wananchi wenzetu, na hasa walio katika dhamana, walijaribu jambo hili kwa mwezi mmoja: dakika tano za asubuhi, na pumzi tatu kabla ya kila neno zito. Hakuna kamati ya kuundwa wala fungu la kuombwa Hazina. Na yule mwananchi aliyevuka maji, atakapofika dirishani, amkute mtu.